Kabla ya Kusema Konokono Amebadilika

Konokono hatupi gamba lake la utotoni. Hulikuza kwa kuongeza chokaa kidogo kidogo kwenye ukingo wa mdomo wa gamba, hivyo ile ncha ndogo iliyo juu kabisa ya gamba la konokono mzee ni gamba lile lile alilozaliwa nalo. Mfupa wa mamalia hujijenga upya maisha yote, na kaa huvua ganda lake kila anapokua, lakini gamba la konokono hutunza kila hatua mahali pake, tangu utoto hadi kifo. Ndiyo maana anayeweka gamba la konokono wa leo kando ya kisukuku chake, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa ardhini, huwa ana maisha mawili kamili mbele ya macho yake, na ndiyo maana kazi hii imenivuta kuliko kazi nyingine yoyote inayohusu visukuku.

Hata hivyo, wingi huo wa habari una hatari yake. Magamba mawili yakitofautiana, ni rahisi mno kutamka kwamba spishi imebadilika, kana kwamba tofauti yoyote kati ya kale na leo lazima iwe imetokana na kizazi kurithishwa umbo jipya. Msimamo wangu ni kwamba neno hilo linapaswa kuja mwisho. Kwanza tuulize mauti na ardhi vimelifanya nini gamba la kale. Kisha tuulize maji, chakula na maadui vilimfanya nini konokono huyo alipokuwa hai. Kitakachobaki baada ya maswali hayo mawili ndicho tunachoweza kukihesabu kuwa badiliko la nasaba, na mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko tulivyotarajia.

Tuanze na magamba mawili ya Melanoides tuberculata, konokono wa maji baridi mwenye gamba refu lililochongoka. Gamba la konokono aliyekufa juzi lina rangi ya kahawia yenye madoa mekundu, na linateleza kidogo kwa sababu bado limevikwa ngozi nyembamba ya protini upande wa nje. Mistari inayozunguka gamba hukatana na matuta yanayoshuka kutoka juu kwenda chini, na kila zinapokutana panatokea kinundu kidogo kinachoonekana vizuri mwanga ukilipiga gamba kwa ubavu. Kisukuku cha aina hiyo hiyo ni cheupe, kikavu, na huacha unga vidoleni. Ile ngozi ya nje imekwisha kuoza, madoa yametoweka, vinundu vimelika hadi vimekuwa mawimbi mepesi, na ukingo wa mdomo umemeguka. Mtu asiyelijua gamba la kwanza angeweza kabisa kuandika kwamba konokono wa kale hakuwa na rangi, hakuwa na vinundu, na mdomo wake ulikuwa mpana zaidi. Yote matatu ni kazi ya kaburi.

Hata ncha iliyokatika inahitaji kuangaliwa kwa uangalifu, kwa sababu hapo mauti na maisha hufanana. Katika maji yenye chokaa kidogo au yenye asidi, ncha ya gamba huanza kulika konokono akiwa bado anatembea, naye huziba sehemu hiyo kwa ndani ili asidhurike. Ukikuta kisukuku kisicho na ncha, tazama ndani ya sehemu iliyokatika: panapokuwa na ukuta laini uliojengwa na konokono mwenyewe, ujue alipoteza ncha akiwa hai; pakiwa wazi na kingo zake ni kali, gamba lilivunjika baadaye. Sehemu ndogo kama hiyo huweza kukuambia habari za maji ya ziwa ambalo halipo tena, na huwa nasikitika ninapoona visukuku vimesuguliwa kwa brashi ngumu hadi alama hizo zikafutika.

Ndani ya ukuta wa gamba pia kuna mabadiliko ambayo macho hayayaoni. Magamba mengi ya konokono hujengwa kwa aragonaiti, ambayo ni namna mojawapo ya kalsiamu kaboneti. Aragonaiti haidumu sana ardhini. Kwa muda mrefu hugeuka kuwa kalsaiti au huyeyuka kabisa. Ikigeuka, umbo la nje huweza kubaki lakini ule mpangilio wa vijisahani vilivyopishana, unaolipa gamba nguvu, hupotea, na pamoja nao hupotea kumbukumbu za kikemia. Uwiano wa isotopu mbili za oksijeni, yaani atomu zake zenye uzito tofauti, ya 16 na ya 18, hutueleza habari za joto la maji na kiasi cha uvukizi wakati gamba lilipokuwa linajengwa, lakini hutueleza hivyo ikiwa tu madini ni yale ya awali. Kwa hiyo kupima isotopu za kisukuku bila kuhakikisha kwanza kwamba aragonaiti yake ingalipo ni kuyapima maji yaliyopita katika mwamba baadaye na kuyaita maji ya ziwa.

Iwapo gamba liliyeyuka kabisa baada ya tope kulijaza na kugeuka jiwe, kinachobaki ni umbo la ndani tu. Umbo hilo halina mapambo ya nje, na ni jembamba kuliko gamba lenyewe, kwa kuwa unene wa ukuta umeondoka. Kulilinganisha na upande wa nje wa gamba la leo si haki. Njia iliyo sawa ni kuujaza utomvu wa resini ndani ya gamba la leo, kuliyeyusha gamba hilo kwa asidi hafifu, kisha kulinganisha umbo la ndani na umbo la ndani.

Si kila kilichopotea kimepotea moja kwa moja. Mwaka 2015 Jonathan Hendricks alichapisha uchunguzi wa visukuku vya konokono wa jamii ya Conus kutoka Jamhuri ya Dominika, vyenye umri wa kati ya miaka milioni 4.8 na 6.6. Kwa mwanga wa kawaida magamba hayo ni meupe, lakini yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni, mabaki ya rangi za asili hung'aa na michoro ya kale hujitokeza: madoa, mistari na mabaka. Kwa njia hiyo alitambua spishi 28, na kati ya hizo 13 hazikuwa zimewahi kuelezwa. Conus wa leo hutambuliwa kwa kiasi kikubwa kwa michoro yao, kwa hiyo hapo ndipo ulinganisho wa haki ulipowezekana kwa mara ya kwanza, rangi kwa rangi.

Sasa turudi kwenye idadi, maana gamba moja halithibitishi kitu. Magamba mia moja ya konokono walio hai, yaliyookotwa asubuhi moja ufukweni mwa ziwa, ni kizazi kimoja au viwili. Magamba mia moja yaliyotoka katika tabaka moja la mashapo, yaani tope na mchanga uliotulia chini ya maji, yanaweza kuwa yamekusanyika kwa mamia au maelfu ya miaka, huku mawimbi, mito na wanyama wachimbao wakiyachanganya. Ni sawa na kupiga picha moja ya vizazi mia vilivyosimama pamoja na kuifananisha na picha ya familia moja. Bila shaka picha ya kwanza itaonyesha tofauti nyingi zaidi za sura, hata kama ukoo haujabadilika kitu. Tena maji yanayobeba magamba huyachagua: madogo na mepesi huchukuliwa mbali au husagika, makubwa na mazito hubaki, hivyo wastani wa ukubwa hupanda wenyewe. Na baharini kuna kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa, ambao huyahamisha kutoka mahali alipoishi konokono hadi mahali asipowahi kufika.

Kwa sababu hizo naona ni lazima pawe na kundi la tatu kati ya konokono hai na visukuku, nalo ni magamba ya waliokufa karibuni ambayo bado yamelala chini ya maji yale yale. Susan Kidwell amefanya kazi kubwa juu ya jambo hili. Amelinganisha, kutoka sehemu nyingi, moluska walio hai (kundi la wanyama linalojumuisha konokono na chaza) na magamba matupu yaliyo kwenye mashapo hayo hayo, na katika makala yake ya mwaka 2007 alionyesha kwamba mahali ambapo binadamu hawajayavuruga maji sana, magamba matupu hufuata vizuri mpangilio wa walio hai, kwamba spishi iliyo nyingi upande mmoja huwa nyingi upande wa pili. Palipovurugwa, kwa mfano kwa maji kurutubishwa kupita kiasi na taka za mashambani na mijini, pande hizo mbili huachana, kwa kuwa magamba matupu bado yanasimulia hali ya kabla ya uharibifu. Matokeo hayo yananigusa kwa namna mbili. Yanatupa imani kwamba visukuku havidanganyi kiholela, na yanatuonya kwamba konokono walio hai leo huenda si kipimo kizuri cha hali ya kawaida.

Katika upimaji wenyewe kuna jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni umri. Konokono kadhaa wa nchi kavu hunenepesha ukingo wa mdomo wanapokomaa, na baada ya hapo hawakui tena. Kwao ni rahisi kujua kama tunalinganisha mtu mzima na mtu mzima. Melanoides hana alama hiyo, huendelea kukua. Nikilinganisha urefu wa magamba yake bila kujali umri, ninaweza kuwa nimelinganisha vijana wa ziwa moja na wazee wa ziwa jingine. Ninachokipendelea ni kuhesabu mizunguko kutoka kwenye ncha na kupima upana wa gamba kwa kalipa katika mzunguko ule ule, wa sita kwa wa sita. Hapo ndipo ile faida ya gamba kutunza utoto wake inapotumika. Pia uwiano ni bora kuliko urefu mtupu: mwaka 1966 David Raup alionyesha kwamba maumbo mengi sana ya magamba yaliyojiviringa yanaweza kuchorwa na kompyuta kwa vigezo vinne tu, vikiwamo kasi ya mdomo kupanuka, umbali wake kutoka kwenye mhimili na kasi ya kushuka kwake. Kigezo kimoja kikibadilika kidogo, gamba bapa huinuka na kuchongoka kama pia ya kuchezea.

Nimekaa sana kwenye mauti kwa sababu ndiyo sehemu inayorukwa. Lakini maisha nayo yana nguvu ya kuumba gamba, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Littorina obtusata, konokono mdogo wa pwani za mawe za kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kaa Carcinus maenas, ambaye asili yake ni Ulaya, alienea katika Ghuba ya Maine kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20. Robin Seeley alichukua magamba yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye makumbusho tangu kabla ya mwaka 1900 na kuyalinganisha na yale ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pwani hizo hizo. Ya zamani yalikuwa membamba na yenye kilele kirefu. Mapya yalikuwa manene na bapa, magumu kwa kaa kuyavunja. Katika makala yake ya mwaka 1986 aliihesabu tofauti hiyo kuwa kazi ya uchaguzi wa asili uliokwenda kasi. Mwaka 2000 Geoffrey Trussell na L. David Smith waliongeza jambo zito: konokono wa aina hiyo wakikuzwa katika maji yenye harufu ya kaa hujenga gamba nene zaidi katika maisha yao wenyewe, bila kusubiri kizazi kingine. Sasa fikiria magamba hayo ya makundi mawili yamefukiwa katika tabaka mbili za mwamba, moja juu ya jingine, na kaa hakuacha alama yoyote. Mtaalamu wa visukuku angeona mruko wa ghafla, naye angekuwa na kila sababu ya kuyapa majina mawili.

Suala hili ndilo lililowasha mjadala mkubwa kuhusu visukuku vya bonde la Ziwa Turkana. Mwaka 1981 Peter Williamson alichapisha uchunguzi wake wa moluska wa Koobi Fora, mashariki mwa ziwa hilo, akifuatilia nasaba 13 katika mashapo ambayo umri wake unajulikana kutokana na majivu ya volkano yaliyolala kati yake. Alieleza kwamba magamba yalikaa bila kubadilika kwa muda mrefu sana, kisha, nyakati ambazo ziwa lilipungua, nasaba nyingi zilibadilika umbo kwa pamoja katika muda mfupi wa kijiolojia, na baadaye maumbo ya awali yakarejea. Wengi walilipokea jambo hilo kama ushahidi bora wa mageuko yaendayo kwa miruko. Wengine waliuliza swali lile lile la Littorina: je, ziwa linapopungua na chumvi zake kubadilika, si konokono wote wangejenga magamba tofauti kwa pamoja bila urithi wao kuguswa? Swali lina uzito hasa kwa Melanoides, ambaye mara nyingi majike wake huzaa bila dume, kwani katika nasaba ya namna hiyo kila mama hutoa takriban nakala zake mwenyewe. Kisha mwaka 2008 Bert Van Bocxlaer na wenzake walivichambua upya visukuku vya bonde hilo na kuleta maelezo ya tatu, kwamba baadhi ya yale maumbo "mapya" yalikuwa wageni walioingia ziwani kutoka mifumo mingine ya maji, wakakaa kwa muda na kutoweka. Kuyaona hayo kulihitaji kuwajua vizuri konokono wa maziwa na mito mingine, walio hai na waliokufa. Binafsi naona maelezo hayo ya tatu yana nguvu zaidi, ingawa hayaondoi uwezekano kwamba baadhi ya nasaba zilibadilika papo hapo.

Je, kuna mahali ambapo maswali yote mawili yameulizwa na badiliko la kweli likabaki? Ninaamini lipo, na ni Steinheim, kusini mwa Ujerumani. Huko kimondo kilichimba shimo takriban miaka milioni 15 iliyopita, shimo likawa ziwa, na konokono wadogo wa jenasi ya Gyraulus wakaishi humo peke yao kwa muda mrefu. Gyraulus wa leo ni bapa kama sarafu. Katika tabaka za chini za Steinheim wamo bapa vilevile. Kadiri unavyopanda, magamba hupata pembe, huinuka, hadi yanakuwa na kilele kinachochongoka, kisha katika tabaka za juu zaidi hurudi kuelekea ubapa. Kijana Franz Hilgendorf aliyachambua, na mwaka 1866 alichapisha mti wa nasaba yao, miaka michache tu baada ya Charles Darwin kutoa nadharia yake ya mageuko katika kitabu cha Asili ya Spishi. Darwin mwenyewe alimtaja katika toleo la sita la kitabu hicho. Nguvu ya Steinheim iko kwenye viungo vya kati. Kati ya gamba bapa na lile lililochongoka kuna magamba ya kila daraja, tabaka juu ya tabaka, na umbali kati ya maumbo hayo mawili unazidi chochote ambacho Gyraulus mmoja mmoja aliye hai huonyesha anapohamishiwa maji mengine. Gamba la juu likiokotwa peke yake, hakuna ambaye angelihusisha na konokono bapa wa leo.

Kwa kipimo cha muda mrefu zaidi, baharini, badiliko halikanushiki hata kidogo. Geerat Vermeij, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo na ambaye amechunguza magamba maisha yake yote kwa vidole, alieleza mwaka 1977 kwamba tangu enzi ya Mesozoiki, enzi ya dinosaria, magamba ya konokono wa bahari za joto yamezidi kujihami: midomo imekuwa finyu, kingo zimenenepa, miiba imeongezeka, na magamba yaliyojiviringa kwa ulegevu yamepungua. Wavunjaji na watoboaji walikuwa wameongezeka. Alama zao zinasomeka kwenye gamba la kale kama kwenye la jana. Konokono wa familia ya Naticidae hutoboa tundu la duara lenye kuta zinazoinama, pana kwa nje na jembamba kwa ndani, ilhali wale wa Muricidae kwa kawaida huacha tundu lenye kuta zilizonyooka. Ukipitisha sindano kwenye tundu la kisukuku unauhisi ule mteremko, na unamjua aliyeua. Pale ambapo kaa alimega ukingo na konokono akanusurika, kovu hupita gambani kama mstari uliopinda, na baada yake ukuaji huendelea. Hakuna ulinganisho ninaouamini zaidi ya huu, kwa sababu tundu na kovu havibadiliki maana kwa sababu ya tope wala kwa chumvi ya ziwa.

Mara nyingine msaada hutoka upande wa pili, walio hai wakaja kuwafafanua waliokufa. Magamba yenye mpasuko mrefu ukingoni, ya kundi la Pleurotomaria, yalijulikana kwa wingi kama visukuku, na wataalamu waliamini kundi hilo limekwisha, hadi miaka ya 1850 alipopatikana mmoja aliye hai katika kina cha bahari ya Karibi. Ndipo ilipowezekana kuona kazi ya mpasuko: maji yaliyokwisha kupita kwenye matamvua ya konokono, anayopumulia, hutokea hapo, yakibeba uchafu wake mbali na kichwa. Konokono wa bahari aitwaye Campanile naye alifikia urefu unaozidi nusu mita katika bahari iliyofunika bonde la Paris enzi ya Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, na leo imebaki spishi moja tu, ndogo zaidi kwa mbali, kusini-magharibi mwa Australia. Chochote tunachotaka kusema kuhusu maisha ya yale majitu kinapaswa kupitia kwa huyo mmoja.

Huko Bermuda, konokono wa nchi kavu Poecilozonites bermudensis alichunguzwa na Stephen Jay Gould katika makala ya mwaka 1969, kwa kutumia visukuku vilivyolala ndani ya mchanga uliogeuka jiwe na ndani ya udongo mwekundu wenye chokaa kidogo. Aliona kwamba katika udongo huo mwekundu kulijitokeza, zaidi ya mara moja, magamba membamba yaliyobaki na umbo la kitoto hata katika ukubwa wa utu uzima, naye aliyasoma kama nasaba zilizochipuka upya kila mara kutoka kwenye shina lile lile. Je, wembamba huo ulirithiwa, au ni njaa ya chokaa tu? Jibu kamili lingehitaji konokono hai wa kukuzwa katika udongo wa aina zote mbili, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba spishi hiyo imekwisha. Mwaka 2014 iligunduliwa ingali hai katika kichochoro mjini Hamilton, na tangu hapo imekuwa ikizalishwa kwa uangalizi na kurudishwa katika visiwa vidogo vya huko. Jaribio hilo la udongo sasa linawezekana.